Chesi inakugomea? Kagua hivi kabla hujalaumu simu

Malalamiko ya wanaoanza chesi yanafanana mpaka unaweza kuyajibu umelala. Yani ni kama fundi redio, mtu hajamaliza kueleza we ushajua ni fyuzi. Utasikia: "Kaka nafungwa tu, dada kanambia nijifunze opening ya Sisilia (yani hatua za mwanzo za kukariri), mimi nimejifunza na bado nafungwa." Sasa nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu inayotokea sana inatangulia, halafu zile za nadra. Usiruke ukaguzi mdogo ukakimbilia kufungua injini, asilimia kubwa ya magari yanayokataa kuwaka ni betri.

Majina kwanza tusije tukagombana: mfalme, malkia, ngome (ruku), askofu, farasi, na askari, wale wadogo wa mbele ambao wengine wanawaita paoni. Viboksi tunavitaja kwa herufi ya mstari (a mpaka h) na namba ya safu (1 mpaka 8, kuanzia upande wa mweupe), e4, f7, hivyo.

Dalili: "Programu imeniibia" au "kete inakataa kusogea"

Hii naianza sababu ndo inafanya watu wafute programu siku ya kwanza. Programu haijaharibika.

Sababu namba moja, mfalme wako yupo kwenye cheki (anapigwa na kete ya adui) na hujaona. Ukiwa kwenye cheki unaruhusiwa mambo matatu tu: kukimbia, kuziba, au kumla anayekupiga. Namba mbili, hiyo kete unayotaka kuisogeza ndo imemkinga mfalme, ukiitoa mfalme anabaki uchi, kwa hiyo haitoki.

Namba tatu ni kasolingi, ule mwendo wa mfalme kwenda viboksi viwili pembeni na ngome kuruka upande wa pili. Inakataa kama mfalme au ngome hiyo ilishawahi kusogea hata mara moja (hata kama ilirudi nyumbani, hesabu imeshaharibika), kama katikati yao kuna kete, kama upo kwenye cheki sahivi, au kama kiboksi anachopitia au anachofikia mfalme kinapigwa na adui. Ngome yenyewe kupigwa sio tatizo, hapo wengi wanakosea.

Namba nne ndo ile ya "kamla askari wangu wakati hata hakumgusa". Ni sheria hiyo, haijaanza jana. Askari wako akiruka viboksi viwili akatua ubavuni mwa askari wa adui, adui anaweza kumla kama vile umesogea kimoja tu, lakini ni zamu hiyohiyo inayofuata, akichelewa imepita.

Na kwa wale wa vijiweni, askari akifika mwisho unachukua malkia hata kama malkia wako wa kwanza bado mzima. Ile ya "unachukua kete iliyokufa tu" ni sheria ya baraza lenu, haipo kwenye chesi.

Dalili: "Kete zangu zinaliwa bure, kila gemu"

Hapa ndo kwenye ugonjwa wenyewe. Ukirekebisha hii peke yake utashangaa unavyopanda, na usiporekebisha hakuna opening itakayokuokoa, uwe umekariri hatua ishirini au arobaini.

Sababu kubwa kuliko zote: huangalii mwendo wa mwenzako. Unaangalia mpango wako. Juzi nilikaa pembeni ya dogo mmoja anacheza na mzee wa mtaani, dogo ana farasi b5, keshaona akiruka c7 anampiga mfalme cheki na ngome ya a8 kwa mpigo mmoja. Vidole vitatu viko juu ya farasi tayari, mguu unatikisika chini ya meza. Mzee akasogeza malkia h4, taratibu, na farasi wake tayari yuko g4. Dogo hata hakuangalia, sekunde moja haikufika, pa! farasi c7, "cheki mzee!" Mfalme akasogea d8, dogo akainyanyua ngome ya a8 juu kama samaki aliyevuliwa, na mzee akamla askari wa h2 kwa malkia wake, chekimeti (au meti kwa kifupi: mfalme anapigwa na hana pa kukimbilia). Dogo anauliza "imetokea wapi hiyo?" Imetokea mbele ya macho yako mwanangu, ulikuwa unaangalia ngome.

Dawa ni ya bure. Kabla hujagusa kitu, kalia mikono yako (nasema kweli, iweke chini ya mapaja, kwenye simu iweke simu mezani) na jiulize: huyu kasogeza nini, na kuanzia pale anapiga nini ambacho zamani alikuwa hapigi? Halafu: akipewa zamu mbili mfululizo atanifanya nini? Halafu ukishachagua mwendo wako: nikitua pale nani ananila? Sekunde kumi tu. Wiki mbili za mwanzo itakuchosha, utaona inakuharibia raha, baadae jicho linafanya lenyewe.

Sababu ya pili ni askofu wa mbali. Binadamu tunaona vizuri vilivyo karibu, askofu aliyejikunyata g7 au b2 anapiga ubao mzima kimshazari na hakuna anayemkumbuka. Kama umefungwa gemu tano nenda kaangalie ngapi zilianzia kwa askofu aliyetulia pembeni. Na kete zinazorudi nyuma pia, watu wanasahau malkia anaweza kurudi alikotoka.

Ya tatu ni mkono wa drafti. Hii sioni ikiandikwa mahali lakini kwetu ni kubwa, sababu wengi tumekulia kwenye drafti ya visoda, na kwenye drafti kula ni lazima, ukiwekewa unakula. Ukija nayo kwenye chesi unakuwa mteja wa mtego: mtu anakuwekea askari, unakula, malkia wako anafungiwa huko ndani. Kwenye chesi kula ni hiari! Ukitaka kujijua kama una mkono wa drafti, pitia gemu zako uhesabu mara ngapi ulikula ndani ya sekunde mbili.

Ya nne ni hesabu ya thamani ya kete. Askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Kabla ya kuanza kulana kwenye kiboksi kimoja hesabu wanaoshambulia na wanaolinda, na angalia nani anatangulia, ukimtanguliza malkia kumla farasi anayelindwa umetoa 9 ukapata 3, hata duka la Mangi halikuuzii hivyo.

Na ya mwisho kabisa, ya nadra, ni kwamba ulichoka tu. Hiyo ipo mpaka juu. Mwaka 2006 kule Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik akiwa bingwa wa dunia alicheza na kompyuta inaitwa Deep Fritz, gemu iko vizuri kabisa, akasogeza malkia e3 na kuacha meti ya hatua moja, h7. Bingwa wa dunia. Kwa hiyo boko moja halimaanishi huna akili, lakini maboko matano kwa gemu ni tabia, na tabia inarekebishika.

Dalili: "Napigwa meti hata sijakaa vizuri"

Mara nyingi ni meti ya hatua nne. Askari e4, we e5, askofu c4, we farasi c6, malkia anatoka mpaka h5, we kwa furaha unatoa farasi f6 kumfukuza, malkia anakula f7, kwisha. Kiini chake ni f7 (au f2 ukiwa mweupe), kiboksi kinacholindwa na mfalme peke yake mwanzoni.

Jibu: malkia akifika h5 na askofu yupo c4, sogeza askari g6. Malkia atarudi f3 kutishia tena palepale, sasa ndo unatoa farasi f6, njia imezibwa na we umeshatoa farasi wawili huku yeye anatembeza malkia kama mgeni aliyepotea njia.

Ila angalizo, na hapa nimeona watu wanaumia kwa kukariri nusu. Malkia akija h5 mapema, hatua ya pili tu kabla hujatoa farasi c6, USIPIGE g6. Atakula e5 kwa cheki na hapohapo anaiangalia ngome yako ya h8, imekwenda. Kwanza farasi c6 kulinda e5, akishamleta askofu ndo g6.

Sababu ya pili ni farasi anayerukia g5 akisaidiana na askofu wa c4, wote macho f7. Kama farasi wako yupo f6, jibu ni askari d5 kumzibia askofu. Akila huyo askari usikimbilie kumla na farasi wa f6, peleka farasi mwingine a5 umsumbue askofu kwanza. Hiyo unaweza kuikariri, kuna vitu vichache vinastahili kukaririwa na hiki kimo.

Sababu ya tatu ni kwamba mfalme anabaki katikati mpaka hatua ya ishirini. Piga kasolingi mapema, ukiona hatua ya kumi imefika mfalme bado yupo e1 jiulize unasubiri nini. Na usifungue f3 na g4 kwa pamoja mwanzoni, kuna meti ya hatua mbili pale, malkia h4 na mchezo umeisha hata chai haijapoa.

Dalili: "Nimetoa kete zote, sasa sijui nifanye nini"

Tafuta kete yako mvivu kuliko zote, ile ambayo tangu gemu ianze haijafanya kazi, mpe kazi. Ngome zinataka mistari ambayo askari wameondoka. Farasi wanataka katikati, akikaa pembeni ya ubao anapiga viboksi vinne tu badala ya nane, kwenye kona viwili. Hiyo inatosha kwa miezi sita ya kwanza, mambo ya mikakati mirefu yaache.

Ukiwa mbele kwa kete, badilishana kete kubwa, askari waache. Ila kabla ya kubadilishana zile za mwisho simama, maana ukibaki na wafalme na askari tu hakuna pa kujificha, ni hesabu kavu. Desemba 2024 huko Singapore, gemu ya 14 ya ubingwa wa dunia, Ding Liren, bingwa wa wakati huo, alikuwa na nafasi ya droo, akasogeza ngome f2 na kumpa mpinzani wake Gukesh wa India njia ya kubadilishana kila kitu, ikabaki ya askari ambayo haiokoki. Gukesh akawa bingwa ana miaka 18.

Dalili: "Nina malkia mzima, yeye ana mfalme tu, inatoka droo"

Pole, hii inauma kuliko kufungwa. Sababu karibu kila mara ni stelimeti: zamu ni yake, hayupo kwenye cheki, na hana pa kwenda. Hiyo ni droo, haijalishi una malkia watatu. (Na ukiwa nao watatu ndo inatokea haraka zaidi, acheni kufuga malkia.)

Chanzo chake ni kupiga cheki bila mpango. Cheki, cheki, cheki, mfalme anazurura ubao mzima kama kuku wa sikukuu, mara kaingia kwenye kona na we umeshika malkia hujui uweke wapi.

Njia ni hii, chukua ubao ufanye kwa mkono. Muweke malkia umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme wake. Akisogea, mfuate kwa kuiga alivyosogea, anazidi kubanwa kuelekea ukutani bila cheki hata moja. Akifika kwenye kona SIMAMA kuiga. Hapa ndo watu wanaangukia: mfalme wake a8, malkia wako c7, umbali ni uleule wa farasi, na tayari ni stelimeti. Badala yake muache malkia d7. Pale mfalme hawezi kushuka wala kutoka, lakini ana a8 na b8 za kutembea, aende arudi, aende arudi. We mlete mfalme wako pole pole mpaka c6. Halafu malkia b7, chekimeti, awe kwenye a8 au b8 ni sawa.

Sababu ya pili, ya nadra kidogo: hatua 50 kila upande bila kula wala kusogeza askari, mtu anaruhusiwa kudai droo. Na ya tatu, hali ileile ikijirudia mara tatu. Kama unaipata ya hatua 50 maana yake hujajifunza kumaliza, fanya zoezi la juu mara ishirini dhidi ya kompyuta. Jioni moja inatosha, na utakula matunda yake maisha yako yote.

Dalili: "Muda unaniishia nikiwa naongoza"

Unacheza gemu za dakika tatu, basi. Panda dakika kumi, au 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua. Kama bado unaishiwa, angalia dakika zako zinaenda wapi, wengi wanakaa dakika nne kwenye hatua ya tano ambayo haina tatizo lolote, wakifika pagumu wana sekunde arobaini. Sababu ya tatu ni mtandao, bando likikata saa haikusubiri, usianze gemu ndani ya daladala halafu ulalamike.

Ukihamia kwenye mashindano ya ubaoni kuna mengine: ukigusa kete yako umecheza hiyo, hata kama umeona boko. Ukitaka kuinyoosha tu sema kwanza ndo uguse. Watoto wanalia sana kwa hili, wazoezeni nyumbani.

Dalili: "Reitingi (namba ya kiwango changu) imeganda miezi"

Kwanza hakikisha unalinganisha vitu vinavyofanana. Tovuti ya chesi ya Lichess inakuanzishia 1500 na kialama cha kuuliza pembeni, sehemu nyingine zinaanza chini zaidi, kwa hiyo ukimwona rafiki yako na namba kubwa Lichess na we unacheza kwingine usijisikie vibaya, hizo ni fedha mbili tofauti.

Sababu ya kwanza: unacheza sana na hupitii. Gemu ishirini kwa siku, zote zimepotea hewani. Cheza mbili, kisha pitia ile uliyofungwa, BILA kompyuta kwanza, tafuta mwenyewe ilipoharibikia, iandike kwenye daftari kwa maneno yako ("sikuona askofu b7", "nilikula haraka"). Kisha ndo ufungue Stockfish (programu ya kompyuta inayochambua gemu) ikusahihishe. Ukianza na kompyuta unaona mishale tu, unatikisa kichwa, kesho unarudia. Daftari likifika kurasa tatu utaona ugonjwa wako ni mmoja au miwili inayojirudia.

Sababu ya pili: mafumbo unayafanya kwa kubahatisha. Fumbo kumi kwa siku ukiyaona mpaka mwisho kabla ya kugusa yanashinda mia ya kubonyeza-bonyeza.

Ya tatu ni mambo ya opening. Nimeshasema juu, narudia sababu hamsikii. Mpinzani wa kiwango chako hataifuata video uliyojifunzia opening, hatua ya nne atafanya kitu cha ajabu na utabaki unamshangaa.

Ya nne, ya nadra, ni unacheza na walewale. Kijiweni watu wanne, mnajuana mpaka kikohozi. Badili wapinzani.

ZIMA KABISA, usiendelee kujirekebisha mwenyewe

Umefungwa tatu mfululizo na kidole kiko kwenye "gemu mpya". Zima. Ya nne huichezi wewe, inachezwa na hasira.

Unadhani mpinzani anatumia kompyuta. Usimtukane, kuna kitufe cha kuripoti, kibonyeze uendelee. Na wewe usijaribu kufungua injini (kompyuta ya chesi) pembeni "kuangalia tu", akaunti itafungwa na utastahili.

Kuna hela mezani. Kama umeanza kuwekeana dau na unacheza ili urudishe zilizoliwa, hii sio kazi ya kocha tena. Vilevile kama unacheza mpaka saa tisa usiku, kazini unasinzia, nyumbani wameshasema na huwezi kuacha. Mwambie mtu wa karibu unayemheshimu, na ikigoma tafuta mshauri nasaha au daktari. Hapo shida imeshatoka ubaoni, mimi na farasi wangu hatuwezi kukusaidia.

Kwa kocha unaenda lini? Kama umefanya ile ya daftari kwa miezi mitatu kweli kweli na kosa ni lilelile, au unapoteza bila kuona kosa lolote, au una mtoto anayekufunga wewe na anataka zaidi. Si lazima awe wa bei. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianzia kwenye programu ya Robert Katende ya watoto wa mtaani kwao, na mwaka 2010 alikuwa Urusi, Khanty-Mansiysk, anaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Ulizia klabu iliyo karibu, shule na vyuo vingi vina watu wanaokutana wikendi.

Ukienda usiende mikono mitupu ukasema "nifundishe chesi". Nenda na gemu kumi ulizofungwa, sio ulizoshinda, ndefu zisizo za dakika tatu, na lile daftari. Kocha mzuri atazipitia tano, atakusimamisha kwenye hatua ileile kila mara na kukuuliza "hapa mwenzako alitaka nini?" Akianza kwa kukuuzia kifurushi cha opening kabla hajaona hata gemu moja, mshukuru kwa muda wake uondoke.